Kagunga, Mei 2015: Tulichokifuata na Tulichokikuta

Ndugu msomaji, kila mtu ana kitu ambacho moyo wake hukielekea bila kulazimishwa. Wapo wapenda mpira, wapo wafuga njiwa, na tupo sisi tunaopenda vyombo vikubwa vya safari: treni na meli. Kwetu Kigoma mapenzi haya si ya ajabu, kwani mji wenyewe ni mtoto wa reli. Zamani mji ulikuwa Ujiji, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani. Kisha Reli ya Kati ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikafika Tabora 1912, na mwezi wa Februari 1914 ikagusa maji ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Tangu siku hiyo bandari na biashara zikahamia Kigoma, na Ujiji ukabaki na misikiti yake, miembe yake na heshima ya ukubwa wake.

Tulikuwa wanne. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wa pili alikuwa fundi wa redio na saa, mwenye kibanda chake Mwanga. Wa tatu, mkubwa wetu kwa umri, alikuwa amestaafu kazi ya kupokea na kuruhusu treni katika stesheni ndogo za njiani, nasi tukimwita Mzee wa Stesheni. Wa nne alikuwa kijana mpiga picha wa harusi, ambaye kati yetu sote ndiye pekee aliyekuwa na kamera ya maana yenye lenzi ndefu. Hatukuwa chama. Hatukuwa na kadi wala mwenyekiti. Tulichokuwa nacho ni mazoea ya kuulizana baada ya swala ya alfajiri: je, treni imepita Uvinza saa ngapi?

Watu walitushangaa, na hata wake zetu walitushangaa. Lakini shughuli hii ina elimu yake. Treni inayoingia Kigoma asubuhi inatoka mashariki, jua likiwa mgongoni mwake. Ukisimama mbele yake utapata kivuli cheusi badala ya picha. Ni lazima utafute mahali ambapo reli inapinda, usimame upande ule ambao mwanga utaangukia ubavu wa mabehewa. Ni lazima ujue mlima na mteremko, kwa maana kichwa cha treni kinapopanda hupunguza mwendo na moshi wake huonekana, na kinaposhuka hupita kama kitu kinachokimbia deni. Na kabla ya hayo yote ni lazima uombe ruhusa, kwani stesheni na bandari si kiwanja cha kuchezea. Mzee wa Stesheni ndiye aliyekuwa akitutangulia ofisini kusema nasi ni nani na tunataka nini.

Elimu yangu mimi niliipata nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa fundi mitambo wa meli hapa Kigoma. Aliingia kazini zama za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na lilipovunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe, akaendelea chini ya Shirika la Reli Tanzania hadi alipostaafu. Vijana wa leo hushangaa kusikia kwamba meli za ziwani zilikuwa mali ya reli, lakini ndivyo ilivyokuwa, mpaka ilipoundwa kampuni ya pekee ya huduma za meli mwaka 1999. Kwa hiyo baba yangu alikuwa mtu wa reli ingawa maisha yake yote ya kazi yalipita juu ya maji. Alinifundisha kuitazama mashine kama mtu anavyomtazama mnyama wake: je, imeshiba, imechoka, imebeba nini?

Mwaka 2015 ulianza kwa furaha kwa watu wa aina yetu. Mwezi wa Aprili ilianzishwa treni ya Deluxe kati ya Dar es Salaam na Kigoma, yenye mabehewa mapya. Baada ya miaka mingi ya mabehewa yaliyochakaa na safari zisizojulikana zingefika lini, habari hiyo ilitufikia kama habari ya harusi. Tuliposikia kwamba treni inakaribia, tulipanda pikipiki mbili kabla ya jua kuchomoza, tukaelekea Luiche.

Pale Luiche tulisimama mbali na reli, kama baba alivyotuusia kila mara: anayepiga picha ya treni husahau kwamba treni haimsahau. Tuliisikia kabla ya kuiona. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa juu ya kichuguu, na akina mama waliokuwa wakienda shamba wakasimama na majembe mabegani. Ilipotokea, kijana wetu akapiga picha kumi au kumi na mbili kwa pumzi moja, kisha sote tukarukia pikipiki ili tuiwahi mjini. Tulifaulu. Tulipiga picha nyingine ikiingia taratibu mbele ya jengo la stesheni, lile lenye matao lililojengwa zama za Wajerumani, na abiria wakipunga mikono kutoka madirishani kwa watu wasiowajua. Sijui kama nimewahi kuona nyuso nyingi za furaha mahali pamoja kama siku ile. Picha hizo tulizichapisha, tukazibandika katika kibanda cha fundi wa redio, na watu wakawa wanakuja kuzitazama.

Siku hazikupita nyingi. Mwishoni mwa mwezi uleule wa Aprili mambo yaliharibika katika nchi jirani ya Burundi, na watu wakaanza kukimbia. Mwezi wa Mei ulipoingia, Kagunga ikawa imejaa.

Kwa msomaji asiyepajua, Kagunga ni kijiji cha wavuvi kaskazini kabisa mwa ufuko wetu, mpakani na Burundi. Ukitoka Kibirizi kwa boti za abiria utapita chini ya misitu ya Gombe yenye sokwe, utapita Mwamgongo na vijiji vingine, na mwisho utakifikia. Mbele yake ni maji, na nyuma yake ni mlima unaosimama kama ukuta. Wakati ule hapakuwa na barabara ya gari. Aliyetaka kutoka alipaswa kupanda mlima kwa miguu au kupita majini. Katika ukanda huo mwembamba wa mchanga walikusanyika watu ambao makadirio ya Umoja wa Mataifa yalifikia 50,000. Maji ya kunywa yalikuwa ni ziwa lilelile lililotumika kwa kila haja. Kipindupindu kikaingia. Kabla mwezi haujakwisha wagonjwa walikuwa wanahesabiwa kwa maelfu, na waliofariki walikuwa zaidi ya 30, wengi wao wakiwa wakimbizi na wachache wakiwa wenyeji.

Ndipo ikatumwa Liemba.

Hapa sina budi nisimame kidogo, kwa sababu meli hii kwetu sisi wapenda reli ni ndugu wa treni. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapewa jina Goetzen. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka pale ikapakiwa kwenye treni kuja Kigoma. Kwa hiyo kabla haijabeba abiria hata mmoja, meli hii yenyewe ilikuwa abiria wa reli. Iliunganishwa hapa na kushushwa majini mwezi wa Februari 1915. Mwaka uliofuata, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini mafundi walioijenga wakaipaka mitambo grisi nzito kwanza, kwa matumaini ya kuirudia. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwezi wa Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hili kwa watu wa kusini. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke zikabadilishwa zikawekwa za dizeli.

Njia yake ya kawaida ilikuwa kusini, kuelekea Mpulungu nchini Zambia, ikisimama mbele ya vijiji ambavyo vingi havina gati, na mitumbwi ikiifuata kupakia na kupakua. Siku zile kaskazini haikuwa njia yake. Kabla ya hapo, mwaka 1997, ilifanya kazi ya kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo, kutoka Kigoma hadi Uvira, zaidi ya watu 75,000. Sasa, ikiwa na umri wa miaka mia moja tangu ishushwe majini, ilikuwa inakwenda Kagunga kuchukua watu 600 kwa kila safari.

Nitasema ukweli ulivyokuwa. Habari hiyo ilipotufikia, jambo la kwanza tulilosema katika kibanda cha fundi lilihusu huruma, na la pili lilihusu picha. Liemba mbele ya milima ya Kagunga! Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona pale. Msikiti wa mtaani kwetu Ujiji ulikuwa umekusanya nguo, sabuni, vikoi na sufuria, na walitafutwa watu wa kuzisindikiza. Tukajitolea sisi wanne, na kamera tukazitia mkobani.

Boti iliondoka Kibirizi baada ya alfajiri, mwezi wa Rajabu ukiwa unaelekea ukingoni. Tulikuwa na maji yetu tuliyoyachemsha nyumbani na sabuni ya kutosha. Tulipoliacha pori la Gombe nyuma yetu, Mzee wa Stesheni akafungua mdomo.

“Wanangu,” alisema, “leo si Luiche. Watu mtakaowakuta hawakukata tiketi. Meli pigeni picha mpaka mchoke. Lakini mtu aliyelala chini kwa ugonjwa, au mama anayemwogesha mtoto hadharani kwa sababu hana ukuta, huyo si wa kupigwa picha.”

Kijana hakukubali mara moja, na ni haki nimtendee uadilifu, kwa kuwa hoja yake ilikuwa na uzito. “Samahani sana, mzee wangu,” alijibu. “Watu wa mbali wasipoona nyuso, wataamini vipi? Nguo hizi tulizobeba zimetoka kwa watu waliosikia tu. Wangeona, si wangetoa mara mbili?”

Fundi wa redio, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, akasema: “Wapo waandishi wa habari, na hiyo ndiyo kazi yao, wana wahariri wao na sheria zao. Sisi tunapiga picha kwa sababu tunapenda. Jambo ambalo mtu analifanya kwa kupenda kwake, je, linaweza kuwa juu ya aibu ya mwenzake?”

Tulizungumza hivyo mpaka tukakaribia. Mwisho tukaafikiana mambo mawili. Kwanza, meli tutaipiga picha. Pili, uso wa mtu hautapigwa ila kwa idhini yake, naye awe amesimama kwa miguu yake na kujua anachoulizwa. Kijana alikubali, na alilitimiza neno lake kuliko sisi sote.

Sitaieleza Kagunga kwa urefu. Ufuko mzima ulikuwa umefunikwa na watu, vitenge, matandiko, mabeseni na moshi wa kuni mbichi. Harufu ilikuwa nzito. Watu wa Kagunga, ambao Kiha chao na Kirundi cha wageni vinasikilizana, walikuwa wamefungua nyua zao na majiko yao. Nyumba ya vyumba viwili ilikuwa imewalaza watu thelathini. Nilimwona bibi mmoja mwenyeji akigawa uji kwa kikombe kimoja cha bati, akikisuuza kwa maji ya moto kila mara kabla ya kumpa mwingine, bila haraka na bila kuruka mtu. Tumelelewa kwa visa vya Muhajirina na Ansari, jinsi watu wa Madina walivyogawana nyumba na mali na waliohama. Mimi nilikuwa nikivifundisha visa hivyo katika madrasa ya jioni. Siku ile niliwaona watu ambao pengine hawakuwahi kuvisoma wakivifanya.

Nasi hatukuwa wageni kabisa kwa wageni wale. Watu wa Ujiji na watu wa Buyenzi, mtaa ule wa Waswahili na Waislamu jijini Bujumbura, wameoana tangu zama za babu zetu. Niliposhusha mzigo niliisikia salamu ya Kiislamu kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, na ilinibidi nigeuke upande mwingine kwa muda ili nijikaze.

Kabla ya adhuhuri Liemba ikatokea. Iliingia polepole, nyeupe juu ya maji ya buluu, milima ya kijani ikiwa nyuma yake, na ikapiga honi yake nzito ambayo mtu wa Kigoma huijua hata usingizini. Ufuko mzima ukasimama. Kwa kuwa hakuna gati, meli ilitia nanga mbali kidogo, na boti zikaanza kuwapeleka watu, akina mama wakiingia majini hadi magotini na watoto wakipokezanwa juu kwa mikono. Kijana alipanda juu ya jiwe akapiga picha zake: meli nzima kutoka omo hadi tezi, mnyororo wa nanga, boti zikiwa zimeizunguka kama vifaranga, sitaha ikiwa imejaa vichwa vya watu visivyotambulika kwa umbali. Zilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Lakini hakuna aliyeshangilia kama tulivyoshangilia Luiche.

Ndipo mtu mmoja akatujia. Alikuwa wa makamo, fundi cherehani kutoka Buyenzi, na pamoja naye mkewe na watoto watatu. Baada ya salamu alimuuliza kijana: “Mdogo wangu, hicho ni chombo cha picha? Tafadhali tupige sisi.”

Kijana alitutazama. Yule bwana akaendelea kueleza, na nayaandika maneno yake kadiri ninavyoyakumbuka: “Wamesema mama na watoto watangulie na meli hii, kwa sababu mdogo anaumwa. Mimi nitafuata. Lakini ndugu zangu, katika njia hii nimeona mtu akiachana na mkewe kwa dakika moja wasionane tena. Kila kitu chetu kimebaki nyuma, hata picha ya ndoa yetu. Nataka pawe na ushahidi kwamba tulikuwa pamoja.”

Wakajipanga. Mke alijitengeneza mtandio wake, akawafuta watoto nyuso kwa pembe ya kitenge. Bwana akafunga kifungo cha juu cha shati lake. Walisimama wima, mlima ukiwa nyuma yao, kama watu waliokuja studio siku ya Idi. Kijana alipiga picha mbili tu, akachukua daftari lake la harusi, akaandika majina yao yote, pamoja na majina ya baba zao. Kisha mama na watoto wakaingia botini, na yule bwana akabaki ufukweni akiwa ameweka mkono juu ya macho kuzuia jua, mpaka alipowapoteza katika umati wa sitahani.

Wengine walikuwa wameona. Kabla hatujaondoka kijana alikuwa amepiga familia kumi na moja, na kila moja ameiandika.

Tuliporudi Kigoma alizichapisha picha zote kwa fedha yake, fedha ya kazi ya harusi mbili. Waliofika kwa Liemba walikuwa wanapokewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, na kutoka pale walisafirishwa kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Tulikwenda uwanjani tukiwa na bahasha, tukawaomba waliokuwa zamu watusaidie kuita majina. Siku ya kwanza tulipata familia tatu. Siku ya tatu tukampata fundi cherehani. Alikuwa amefika na safari ya baadaye, akakuta mkewe na watoto wamekwisha kuondoka kwa basi, naye hakuwa na cha kuwaonyesha watu zaidi ya maneno: mwanamke mrefu, watoto watatu. Ni wanawake wangapi warefu wenye watoto watatu walikuwa wamepita pale? Tulimpa picha yake. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, na hakusema neno. Kisha akaenda kwenye mstari wa basi akiwa ameiinua kifuani.

Jioni moja ya Ramadhani mwaka ule kijana alipigiwa simu kutoka Nyarugusu, kwa namba aliyoiandika nyuma ya kila picha. Maneno yalikuwa machache kwa sababu salio lilikuwa la kuazima: “Tumefuturu pamoja, sote watano.”

Katika juma lile la Mei nilikuwa nimempelekea baba picha za meli. Alikuwa mzee sana, akikaa barazani mchana kutwa na tasbihi yake. Nilimpa ile iliyo bora kuliko zote, Liemba ikiwa imejaa tayari kuondoka, nikangojea asifu. Aliitazama kwa muda mrefu, si sitahani ambako macho yangu yalikuwa, bali chini, pale ambapo chuma kinakutana na maji.

“Imepanda juu,” alisema.

Sikumwelewa. Akaniwekea kidole juu ya picha. “Tazama mstari wa maji. Meli hii ikitoka hapa kwenda kusini huwa imekaa chini, ngama imejaa mahindi, dagaa, saruji, magunia ya watu. Hapa juu kumejaa watu hata pa kuweka mguu hakuna, na chini haina kitu. Mwanangu, watu mia sita na meli inaelea kama tupu. Hawa hawakutoka na chochote.”

Miaka mingi imepita, na bado nayakumbuka maneno hayo kila nipitapo bandarini. Kijana alikuwa ameuliza jinsi mtu wa mbali atakavyoamini bila kuona nyuso. Jibu moja lilikuwamo ndani ya picha yake mwenyewe, likimngojea mtu mwenye elimu ya kulisoma. Sisemi kwamba picha za waandishi zenye nyuso hazikufaa kitu. Misaada mingi ilikuja kwa sababu yake, na anayeifanya kazi hiyo kwa adabu ana malipo yake kwa Mola wake. Nasema tu kwamba palikuwa na njia ya kusema ukweli wote wa siku ile bila kumvunjia heshima mtu hata mmoja.

Naandika haya katika ukurasa wa familia kwa sababu sasa kila nyumba ina kamera, na mara nyingi iliyo bora imo mfukoni mwa mtoto. Ajali ikitokea barabarani, simu huinuliwa kabla ya mikono kunyooshwa kusaidia. Jirani akifiwa, picha za msiba zimekwisha kusambaa kabla maiti haijaoshwa. Wazazi wenzangu, tunawafundisha watoto kubisha hodi na kungoja kuitikiwa kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Kamera nayo ni mlango. Tuwafundishe mambo matatu tuliyoyapata kwa wazee wetu na kwa watu wa Kagunga: omba idhini, andika jina la uliyempiga, na umpelekee picha yake. Atakayeyashika hayo matatu atagundua kwamba zipo picha nyingi ambazo hana haja ya kuzipiga, na zipo chache ambazo mtu atamwombea dua kwa ajili yake.

Mzee wa Stesheni ametutangulia mbele ya haki, na baba yangu pia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Kijana ana studio yake sasa, na yeye ndiye anayenipa habari. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma, na reli hiyo mpya imepangwa kufika kwetu. Kipande cha Tabora hadi Kigoma peke yake ni kilomita 506. Liemba nayo imesimama kwa miaka kadhaa na kupangiwa ukarabati mkubwa. Inshaallah, siku itakapong'oa nanga tena tutakuwa pale, fundi wa redio na kijana na mimi, upande ule ambao mwanga unaangukia ubavu wake. Nami nitatazama kwanza mstari wa maji, nijue imebeba nini.